Kujengewa na Kujijengea: Tahakiki ya Istilahi za Somo la Slaidi katika Shule za Msingi

Mtafsiri wa maandiko ya elimu hukutana siku hizi na vichwa vya namna hii: "Uendelezaji wa Media ya Kujifunza ya Slaidi Inayozingatia Konstraktivizimu kwa Wanafunzi wa Shule za Msingi". Katika kichwa hicho hamna neno lisilotamkika, wala upatanisho wa kisarufi haukukosewa. Hata hivyo, mwalimu wa darasa la tatu akikisoma hatajua ni jambo gani anatakiwa kulitenda kesho asubuhi, na ofisa anayeidhinisha fedha hatajua ni kitu gani hasa kitakachotengenezwa. Maneno yamehama kutoka lugha moja hadi nyingine, lakini maana imebaki ng'ambo.

Makala hii inakusudia kuzihakiki istilahi zinazotumika kulieleza somo la slaidi linalodai kufuata nadharia ya Piaget na wenzake. Hatuzihakiki kwa sababu ni ngeni. Lugha yetu imepokea maneno mengi ya kigeni bila kupata hasara, na neno "shule" lenyewe ni shahidi. Tunazihakiki kwa sababu katika uwanja huu istilahi haina budi kuonyesha ni nani anayeifanya kazi. Kiswahili kina chombo cha kuonyesha jambo hilo kwa ufupi na kwa uwazi, nacho ni mnyambuliko wa kitenzi. Tusipokitumia chombo hicho, zana inayomnyima mtoto nafasi ya kufikiri itapita mlangoni ikiwa imevaa jina la nadharia inayoipinga.

1. "Uendelezaji" wa kitu ambacho hakijakuwapo

Tuanze na neno la kwanza la kichwa chetu. Kuendeleza ni kukifanya kitu kiendelee: mtu huendeleza shamba alilorithi, au huendeleza masomo aliyoyaanza. Kitu kinachoendelezwa sharti kiwe kimekwisha kuwapo. Kitenzi cha Kiingereza ambacho watafsiri hukigeuza kuwa "kuendeleza" kina maana zaidi ya moja. Huweza kuwa ni kukuza kilichopo, huweza kuwa ni kusafisha picha katika chumba cha giza, na huweza kuwa ni kubuni na kutengeneza kitu kipya. Katika maandiko tunayoyazungumzia, maana inayokusudiwa karibu siku zote ni ile ya mwisho. Mwandishi anabuni somo, analitengeneza, analijaribu darasani, kisha analirekebisha.

Kwa hiyo "uendelezaji wa slaidi" ni kosa la maana, ijapokuwa si kosa la sarufi. Tuseme "kubuni na kutengeneza". Mtu akiona kwamba maneno mawili ni mengi, basi "utengenezaji" unatosha. Faida yake huonekana mara moja kwa ofisa wa fedha, kwa maana kitu kinachotengenezwa kina gharama, kina muda wa kukamilika na kina siku ya kukaguliwa, ambapo kitu "kinachoendelezwa" chaweza kuendelezwa milele.

2. Ujenzi wa nani?

Neno lililo zito zaidi ni jina la nadharia yenyewe. Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi aliyefanya kazi kwa miaka mingi mjini Geneva, alichunguza namna watoto wanavyofikiri. Mwaka 1937 alichapisha kitabu kuhusu jinsi mtoto anavyoujenga uhalisi wa ulimwengu akilini mwake. Kiini cha fundisho lake ni kwamba mtoto hapokei maarifa kama mtungi unavyopokea maji. Tayari ana mawazo yake juu ya jua, maji, uzito na hesabu. Hutenda jambo, huona matokeo, na matokeo yakipingana na alivyodhani hulazimika kulirekebisha wazo lake la kwanza. Lev Vygotsky (1896–1934), aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget na kufanya kazi Urusi, alisisitiza jambo jingine: kwamba kazi hiyo ya akili hufanyika katika mazungumzo na watu wengine, na kwamba mtoto akisaidiwa leo huweza kulifanya kesho peke yake lile alilosaidiwa.

Nadharia hii imepewa majina matatu katika Kiswahili cha maandiko. La kwanza ni "konstraktivizimu", ambalo ni utohozi mtupu. La pili ni "umuundo". La tatu ni "ujenzi wa maarifa". Tuyapime moja moja.

"Konstraktivizimu" haina kosa la kimantiki, bali haisemi kitu. Msomaji asiyejua Kiingereza haoni ndani yake kitenzi anachokifahamu. Katika somo la kemia hasara hiyo huvumilika, kwa kuwa jina la elementi halitakiwi kueleza tabia yake. Lakini jina la mbinu ya kufundisha linamwamuru mwalimu atende, na amri isiyoeleweka haitekelezwi.

"Umuundo" ni hatari zaidi, kwa sababu kiti hicho kina mwenyewe. Katika isimu na katika nadharia ya fasihi, umuundo ni jina la mkondo wa mawazo unaohusishwa na Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake. Isitoshe, Piaget mwenyewe aliandika kitabu kuhusu umuundo huo mwaka 1968. Mtafsiri atakayeliita fundisho la Piaget "umuundo" atajikuta hana neno la kukitafsiri kitabu kingine cha mtu yule yule. Istilahi moja kwa dhana mbili ni mzigo, na mzigo huo huelemea zaidi dhana zote mbili zinapokaa katika kichwa cha mwandishi mmoja.

Linabaki "ujenzi wa maarifa". Hili liko karibu na shabaha, lakini limekosa kwa hatua moja. Ujenzi ni nomino inayomficha mjenzi. Tukisema "ujenzi wa barabara", hatujui kama ni serikali, kampuni au wanakijiji. Vivyo hivyo, "somo la ujenzi wa maarifa" laweza kuwa somo ambalo mwalimu ndiye fundi, mtoto ni kiwanja, na maarifa ni nyumba inayosimamishwa juu ya kiwanja hicho.

Hofu hii si ya kubuni. Tazameni lugha ya semina na ripoti zetu: "washiriki walijengewa uwezo", "walimu wajengewe uelewa", "mwanafunzi ajengewe umahiri". Kauli ya kutendewa imekuwa mazoea kiasi kwamba hatuisikii tena. Jirani zetu wa Kenya, katika mtaala wao ulioanza kutumika kwa darasa la kwanza nchini kote mwaka 2019, wamechagua neno "umilisi" pale ambapo sisi Tanzania tunasema "umahiri". Maneno yote mawili ni mazuri, na tofauti hiyo si ya kugombania. Tatizo limo katika kitenzi kinachotangulia. Mtu akisema mwanafunzi "anajengewa" umahiri au umilisi, ameigeuza nadharia kichwa chini miguu juu.

Tukinyambue basi kitenzi, tuone lugha inatupa nini. Kujenga ni kutenda. Kujengea ni kutenda kwa ajili ya mtu fulani. Kujengewa ni kutendewa na mwingine. Kujijengea ni mtendaji kutenda kwa ajili ya nafsi yake. Silabi moja ya "ji" imeyasema yote ambayo vitabu vya kigeni huhitaji aya nzima kuyaeleza. Wala hatuhitaji kukizoeza kitenzi hiki maana mpya. Mswahili husema, "Fulani amejijengea heshima." Hakuna asemaye kwamba fulani "amejengewa heshima na kamati". Heshima haikabidhiwi kama ufunguo wa nyumba. Mwenyewe huipata kwa matendo yake mbele ya watu. Maarifa, kwa fundisho la Piaget, ni ya jinsi hiyo hiyo. Kwa hiyo tunapendekeza "nadharia ya kujijengea maarifa".

Watakaosema kwamba istilahi hiyo ni ndefu na wakumbuke kitenzi "kujifunza". Kungwi humfunda mwari. Mwalimu humfunza au humfundisha mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe hujifunza. Hatusemi kwamba mtu mwenye elimu "amefunzwa" tu, twasema "amejifunza". Lugha ilikwisha kuamua zamani kwamba kazi ya mwisho katika elimu hufanywa na yule anayeelimika. Istilahi mpya inafuata njia ambayo wazee wetu waliilima.

3. Media, uwasilishaji na slaidi

Neno "media" limeingia kwa mlango wa habari. Msomaji wa kawaida akiliona hufikiri redio, magazeti na televisheni, na watafsiri wengine wameandika hata "vyombo vya habari vya kujifunzia", maneno ambayo yangemfanya mwalimu atafute gazeti. Hakuna haja ya safari hiyo. Tuna "zana", na walimu wamelitumia neno hilo tangu miaka mingi.

Lakini hata hapa pana ufa wa kuzibwa. Maandiko yetu husema kwa desturi "zana za kufundishia na kujifunzia", kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Kiambishi kinachotokea mwishoni mwa vitenzi hivyo huonyesha kifaa ambacho kazi hufanywa kwacho: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia. Zana ya kufundishia ni ile ambayo mwalimu hufundisha kwayo. Zana ya kujifunzia ni ile ambayo mtoto hujifunza kwayo. Kitu kimoja chaweza kuwa zote mbili, ila hakiwi hivyo kwa sababu tu ya kuandikiwa "na" katikati. Anayetengeneza slaidi aulizwe swali jepesi: katika somo hili, ni nani anayeishika zana, na anaitumia kufanya nini? Ikiwa mkono wa mwalimu ndio pekee unaoigusa na kinywa cha mwalimu ndicho pekee kinachosema, basi hiyo ni zana ya kufundishia, na iitwe hivyo bila haya. Kufundisha si aibu. Aibu ni kuiita zana hiyo kwa jina lisilo lake.

"Uwasilishaji" nao umetoka maofisini. Kuwasilisha ni kukifanya kitu kiwasili, yaani kifike kwa mpokeaji. Ni neno stahiki kwa bajeti bungeni na kwa ripoti mbele ya bodi. Katika darasa linalofuata nadharia ya kujijengea maarifa neno hili halikai, kwa kuwa linamfanya mwalimu mtarishi, na somo kifurushi. Tuseme "somo la slaidi", inatosha.

Ama "slaidi" yenyewe, tuiache ilivyo. Mtu akitaka kuitafsiri kwa kufuata kitenzi cha asili, atapata kitu kama "kitelezi" na kulifanya darasa licheke, maana kwa watoto kuteleza ni kuanguka matopeni. Historia ya neno ndiyo inayotuonya. Karne ya 17 Christiaan Huygens wa Uholanzi alitengeneza taa iliyokuza picha na kuziangaza ukutani. Picha hizo zilichorwa juu ya vioo, na vioo viliteleza ndani ya taa kutoka upande hadi upande. Baadaye zikaja picha za filamu katika fremu ndogo. Mashine ya Kodak iliyokuwa na sinia la mviringo la kuzungushia picha hizo ilitoka mwaka 1961, na kampuni ikaacha kuitengeneza mwaka 2004. Leo hakuna kinachoteleza. Kiingereza kimebaki na jina la mwendo uliokwisha kufa. Hatuna sababu ya kuuzika mwendo huo upya katika Kiswahili. Slaidi, katika ngeli ya I-/ZI-, imekubalika kwa watumiaji, inatamkika, na haigongani na neno jingine.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni asili ya programu yenyewe. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na katika mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni iliyoitengeneza. Toleo la kwanza lilikusudiwa kuwasaidia watu wa biashara kutengeneza karatasi angavu za kuonyesha katika mikutano. Kichwa cha habari juu na orodha ya vifungu vifupi chini yake ni umbo la mtu anayetaka kuwashawishi wakubwa wake kwa haraka. Edward Tufte wa Marekani aliushambulia umbo huo katika kijitabu chake cha mwaka 2003, akidai kwamba unavunja hoja vipande vipande. Ikiwa hoja za watu wazima huvunjika, mtoto wa miaka tisa ambaye hoja yake ndiyo kwanza inachipua atakuwa katika hali gani? Anayetengeneza somo la slaidi kwa shule ya msingi na ajue kwamba programu imekwisha kumchagulia umbo kabla hajaandika neno la kwanza, na kwamba kulikataa umbo hilo ni sehemu ya kazi yake.

4. Mfano: chungwa ndani ya beseni

Ili tusibishane hewani, tuchukue mada ya kuelea na kuzama, ambayo hufundishwa katika sayansi ya shule za msingi.

Somo la kwanza la slaidi huanza hivi. Slaidi ya 1: kichwa cha mada na picha ya meli. Slaidi ya 2: maana ya kuelea. Slaidi ya 3: maana ya kuzama. Slaidi ya 4: orodha ya vitu vinavyoelea na orodha ya vitu vinavyozama. Slaidi ya 5: maswali matatu ambayo majibu yake yamo katika slaidi ya 2 hadi ya 4. Watoto hunakili. Rangi ni nzuri, na meli huenda ikasogea kwa ufundi wa programu. Katika ripoti, somo hili litaitwa la konstraktivizimu kwa sababu lina picha na kwa sababu watoto waliulizwa maswali.

Somo la pili lina slaidi chache zaidi. Slaidi ya 1 inaonyesha jiwe, msumari, kipande cha ubao na chungwa, na swali: "Kipi kitaelea? Kwa nini unadhani hivyo?" Watoto huandika makisio yao, kisha mwalimu huizima projekta. Vitu hutiwa katika beseni la maji, kimoja baada ya kingine. Chungwa zima huelea. Slaidi ya 2 inauliza: "Tukilimenya chungwa hili litakuwa jepesi zaidi. Je, litaelea au litazama?" Watoto wengi watasema litaelea, kwa sababu wanaamini kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Mwalimu hulimenya, akiondoa ganda pamoja na utando mweupe wote. Asimenye kama wauzaji wa barabarani wamenyavyo, wanaouacha utando, maana chungwa la namna hiyo huweza kuendelea kuelea. Chungwa lililomenywa vizuri huzama.

Hapo darasa hunyamaza, na kimya hicho ndicho Piaget alichokuwa akikitafuta. Wazo la mtoto limegonga ukuta. Chungwa limepungua uzito nalo limezama! Sasa ana haja ya maelezo ambayo dakika tano zilizopita hakuwa na haja nayo. Watoto hujadiliana. Mmoja huligusa ganda, huliminya chini ya maji, huona viputo vikitoka. Slaidi ya 3 sasa huonyesha picha kubwa ya ganda lililokatwa, lenye vijitundu vingi vinavyotunza hewa. Slaidi ya 4 ni tupu. Watoto ndio wanaomwambia mwalimu maneno ya kuandika.

Katika somo hili slaidi hazikufanya kazi ya kubeba maarifa. Zilifanya kazi tatu: kuuliza, kunyamaza, na kukuza kitu ambacho jicho peke yake lisingekiona. Tena slaidi hizo nne zaweza kuchorwa katika bangokitita pale ambapo hakuna umeme, na somo lisipungue kitu. Kwa njia ya pembeni, tulisifu neno hilo "bangokitita": asiyewahi kukiona kifaa chenyewe hulisikia akajua kwamba ni mabango yaliyofungwa pamoja.

Mfano huu una fundisho kwa sisi wa istilahi pia. Katika somo la kwanza istilahi zilitangulia, na watoto walipewa majina ya vitu ambavyo hawakuvihitaji. Katika somo la pili jambo lilitangulia, na neno likaja likipokewa kama mgeni aliyealikwa. Neno lije baada ya haja yake. Watungaji wa vitabu wanaofungua kila sura kwa orodha ya istilahi na maana zake na walifikirie jambo hili.

5. Hoja za upande wa pili

Si haki kuimaliza tahakiki bila kuwasikiliza wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni ya kitaalamu. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala mashuhuri wakidai kwamba kumwachia mwanafunzi mchanga agundue mambo kwa mwongozo haba hakufanikiwi. Akili inayoanza kujifunza huelemewa upesi, na maelezo ya wazi pamoja na mifano iliyofanyiwa kazi humsaidia zaidi. Hoja hii ina nguvu, na mwalimu mwenye darasa la watoto themanini anaijua bila kusoma makala yoyote.

Jibu letu ni kwamba hoja hiyo huiangukia nadharia iliyotafsiriwa vibaya. "Ji" si "peke yake". Mwanakijiji anayejijengea nyumba huwaita wenzake kwa msaragambo. Mmoja huleta miti, mwingine hukandika, mzee huonyesha mlango uelekee wapi. Nyumba ni ya mwenyewe, lakini mikono ni ya wengi. Mwalimu wa somo la chungwa hakuwaacha watoto wahangaike. Yeye ndiye aliyechagua chungwa, yeye ndiye aliyepanga makisio yatangulie jaribio, na yeye ndiye aliyejua kwamba utando mweupe sharti uondolewe. Huo si mwongozo haba.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliueleza msaada wa namna hiyo baada ya kuwaangalia watoto wadogo wakisaidiwa kujenga piramidi kwa vipande vya mbao. Waliulinganisha na vifaa ambavyo mafundi hutumia kusimamia jengo linapojengwa na kuviondoa likimalizika. Watafsiri wetu wamesema "jukwaa", neno linalotupeleka kwenye ngoma na siasa, au "kiunzi", ambacho hubaki ndani ya nyumba siku zote. Tunapendekeza "mwega", yaani mti unaoegemezwa ukutani ili ukuta usianguke. Ukuta ukikauka, mwega huondolewa. Maana ya kuondolewa ndiyo uhai wa dhana hii, na istilahi isiyoibeba maana hiyo haifai.

Hoja ya pili ni ya watu wa ofisi: kwamba lugha ya "kujengewa" imekwisha kuzoeleka, na kuibadilisha ni kuvuruga nyaraka. Kuzoeleka ni sifa ya kuheshimiwa, nasi tumeiheshimu kwa kuiacha slaidi. Lakini neno "slaidi" likikosewa hakuna anayedhurika, ambapo neno "kujengewa" likibaki katika mwongozo wa mwalimu, mtoto ndiye anayelipa. Tangu mwaka 2005 mitaala yetu imehama kutoka kukariri maudhui kwenda umahiri, na mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeshikilia njia hiyo hiyo. Baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi viligawiwa walimu. Vifaa vinaongezeka, na kwa kila kifaa kutatengenezwa masomo ya slaidi. Yakitengenezwa chini ya jina baya, tutakuwa tumetumia umeme na fedha kunakili ubao wa zamani juu ya ukuta mpya.

Hoja ya tatu ni kwamba masomo haya hupimwa na kupasishwa na wataalamu, basi jina halina neno. Mara nyingi kipimo chenyewe ni hojaji inayouliza kama rangi zapendeza, kama herufi zasomeka, kama lugha ni fasaha. Hayo ni ya lazima, lakini ni vipimo vya zana ya kufundishia. Kipimo cha zana ya kujifunzia ni kuona kama mtoto, akipewa kitu ambacho hakikuwamo katika slaidi, kwa mfano yai au kizibo, aweza kukisia na kutoa sababu yake. Istilahi sahihi ingemlazimisha mpimaji kuuliza swali hilo.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa watafsiri, walimu na watumishi wa idara zinazohusika:

(a) "Nadharia ya kujijengea maarifa" itumike badala ya "konstraktivizimu" na "ujenzi wa maarifa". "Umuundo" libaki na kazi yake katika isimu na fasihi.

(b) "Kujengewa" kusitumike kwa mwanafunzi katika miongozo ya kufundishia. Mwanafunzi "hujijengea" umahiri. Mwalimu "humsaidia kujijengea".

(c) "Zana ya kufundishia" na "zana ya kujifunzia" zitenganishwe, na kila mtengenezaji aseme ametengeneza ipi.

(d) "Slaidi" na "somo la slaidi" yakubaliwe. "Uwasilishaji" ubaki maofisini na mikutanoni.

(e) "Mwega" lijaribiwe kwa maana ya msaada wa muda anaopewa mwanafunzi na kuondolewa hatua kwa hatua.

(f) "Kubuni na kutengeneza" kutumike pale zana inapokuwa mpya. "Kuendeleza" kuachiwe kilichopo.

Kichwa tulichoanza nacho sasa chaweza kuandikwa hivi: "Kubuni na Kutengeneza Masomo ya Slaidi ya Kuwasaidia Wanafunzi wa Shule za Msingi Kujijengea Maarifa". Ni kirefu kidogo kuliko cha kwanza, lakini kila neno lake linajibu swali: ni nini kinafanywa, kwa kitu gani, na nani anayebaki na faida.

Mapendekezo haya hayajawa sheria. Wasomaji walio madarasani, hasa walimu wa darasa la tatu na la nne, wanaombwa kutuletea maneno ambayo wao wenyewe huyatumia kwa vitu hivi, pamoja na yale wanayoyasikia vinywani mwa watoto wakati wa majaribio. Inawezekana kabisa kwamba neno bora kuliko "mwega" limekwisha kutamkwa na mtoto kando ya beseni la maji, na halijafika kwenye meza yetu.